Nusu Dakika Mkiani mwa Kanda

Ndugu zangu, nitawasimulia habari za mtu aliyesafiri kwenda kumtafuta mama yake ghalani.

Kulikuwa na kituo kidogo cha televisheni mkoani, kilichofungwa siku nyingi. Mitambo iliuzwa, mnara ukashushwa. Kilichobaki ni chumba kimoja chenye rafu za kanda, mashine moja ya kuzionyeshea, na mzee mmoja anayezipangusa vumbi.

Siku moja akaingia mwanamume wa makamo, uchovu wa basi ukiwa bado usoni.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mama yangu. Kwaya yao iliimba hapa nikiwa darasa la pili. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo."

"Marahaba. Nisikudanganye, mwanangu. Kanda zilikuwa haba, tukawa tunarekodi vipindi vipya juu ya vile vya zamani. Huenda mama yako amefunikwa na mechi ya mpira."

Walitafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakapata kanda yenye maandishi yaliyofifia. Wakaiweka mashineni. Akatokea mgeni rasmi akifungua josho la ng'ombe, akahutubia, akahutubia.

"Huyu naye hakuwa na haraka," mzee akasema.

Lakini hotuba haikutosha kuufunika wimbo wote. Picha ikachezacheza, na pale mkiani mwa kanda akatokea mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, anaimba ubeti wa mwisho huku amefumba macho. Nusu dakika tu. Mwanamume akagusa kioo kwa kidole. Je, mmewahi kumwona mtu mzima akilia huku hataki kuonekana?

"Pole sana," mzee akasema. "Alifariki lini?"

"Nani?"

"Mama."

"Hajafariki. Yupo nyumbani. Tulikosana kwenye matanga ya baba. Akasema neno, nami nikasema neno. Huu mwaka wa tisa."

"Nyumbani ni wapi?"

Akataja. Mzee akamtazama. "Si ndipo mabasi yanaposimama, abiria wakanunua ndizi?"

"Ndipo. Sikushuka."

Mzee akaizima mashine taratibu. "Mwanangu, nusu dakika hii haitoroki, nitakutunzia. Yule wa nyumbani sijui amebakiza ngapi."

Mnataka kujua kama alishuka wakati wa kurudi? Watoto niliowafundisha huniuliza hivyo kila mara. Mimi sijui. Najua tu kwamba basi la kurudi lilisimama palepale.

Na sisi je? Twatunza picha ya ndugu tusiyemsalimu. Twatamani nyimbo za zamani tulizomwimbia Mungu, twasema siku zile alikuwa karibu, kana kwamba amekufa, nasi twatafuta kumbukumbu zake. Neno moja la hasira tumelirekodi juu ya wimbo mzima wa upendo. Lakini halikutosha kuufunika wote.

Leo tukitoka hapa, njia ya kila mmoja wetu inapita mlangoni kwa mtu. Unamjua. Shuka.