Mwonja Kande wa Timu ya Taifa

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa nini?
— Kiwanja.
Nani kacheza?
— Sisi.
Nani kafungwa?
— Sisi tena.

Basi sogeeni. Mkicheka mtakuwa mmecheka, na mkinyamaza nitajua mmenisikia.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na nchi ya Majabalini, nchi ya wanyama wadogo wanaokaa katika mawe. Nchi hiyo ilikuwa na timu ya taifa. Golini alisimama Pimbi, mfupi, mnene wa tumbo, mjanja wa maneno. Winga ya kulia alicheza Digidigi, miguu yake myembamba kama njiti za kiberiti, na beki wa kumkamata alikuwa hajazaliwa. Hawa wawili walikua pamoja, na kambini walikaa chumba kimoja. Digidigi alikuwa ameichezea nchi miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hajashinda hata mara moja.

"Ndugu yangu," alikuwa akimwambia Pimbi, "mimi sitaki kombe. Nataka mechi moja tu. Nishinde moja, nistaafu."

"Safari hii utaipata," Pimbi akamwahidi.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kombe la Nyika, huko nchi ya Ngiri, mwendo wa siku sita. Kila nyumba Majabalini ilitoa kibaba cha mahindi na kibaba cha maharage, ili vijana wale kande ya nyumbani. Maana ugenini, mnajua wenyewe, watu huogopa sumu, huogopa uchawi, huogopa hata maji ya bomba. Mkuu wa msafara alikuwa Mwenyekiti Fisi. Fisi si mnyama wa mawe. Aliupataje uenyekiti, msiniulize mimi, kawaulizeni waliompigia kura.

Siku ya mechi ya kwanza, sufuria ikaepuliwa, vijana wakashika mabakuli. Fisi akaja, akakohoa.

"Nionje kwanza," akasema. "Kama kuna sumu, nife mimi mkubwa, ninyi mpone."

Akaonja. Ngwa, ngwa, ngwa. Akaonja juu, akaonja katikati, akaonja chini. Akalamba sufuria, lapu, lapu, lapu.

"Salama," akasema. "Haina sumu."

Haikuwa na sumu, haikuwa na kitu. Vijana wakanywa maji, wakaingia uwanjani kucheza na Swala. Mpira ukapigwa puu, wavuni shwaa. Puu, shwaa. Puu, shwaa. Puu, shwaa. Nne bila.

Fisi akawaita waandishi wa habari, akashika tumbo lake. "Tumefungwa," akasema, "lakini tumejifunza."

Siku ya mechi ya pili, sufuria ikaepuliwa, vijana wakashika mabakuli. Fisi akaja, akakohoa.

"Nionje kwanza. Kama kuna sumu, nife mimi mkubwa, ninyi mpone."

Ngwa, ngwa, ngwa. Lapu, lapu, lapu. "Salama."

Digidigi akaangalia bakuli lake, kisha akaliweka chini. "Si kitu," akamwambia Pimbi. "Njaa haifungi magoli, na mimi leo nafunga."

Na kweli alifunga. Walicheza na Nyumbu. Dakika ya ishirini aliwapita mabeki watatu, tiki, tiki, tiki, akaupiga, shwaa. Moja bila. Majabalini ilikuwa haijawahi kuongoza mechi tangu Pimbi aanze kudaka, na kule golini alikuwa akiruka peke yake. Kipindi cha pili Nyumbu wakasawazisha. Moja moja. Dakika ya themanini Digidigi akaufuata mpira mrefu, akakimbia, akakimbia, na miguu ikamkunjika. Akaanguka, hakuinuka.

Pimbi akaacha goli. Alikimbia uwanja mzima kwa vile vijiguu vyake, akapiga magoti, akamwinua kichwa. Mwamuzi hakupuliza firimbi. Huko nyuma Nyumbu mmoja akausukuma mpira taratibu, shwaa. Mbili moja. Pimbi hata hakugeuka. Digidigi alikuwa akimtazama bila kumwona, pumzi ikipungua, mpaka ikakatika.

Fisi akawaita waandishi. "Kipa aliacha goli," akasema. "Ndiyo maana tumefungwa. Lakini tumejifunza."

Wakamzika kulekule ugenini, kwa sababu Mwenyekiti alisema kumsafirisha ni kazi kubwa. Nyumbani hawakupeleka neno, kwa sababu Mwenyekiti alisema habari mbaya huharibu morali. Kombe lilikuwa limekwisha kwao. Ilibaki mechi moja na wenyeji, Ngiri, ya kukamilisha ratiba tu. Pimbi akakaa juu ya kitanda kilichobaki kitupu, akalia mpaka macho yakavimba. Alimwahidi mwenzake kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa bado hakijapatikana. Alipomaliza kulia, akanawa uso, akaenda jikoni.

Siku ya mechi ya tatu, sufuria ikaepuliwa, vijana wakashika mabakuli. Fisi akaja, akakohoa, akaonja upawa mmoja. Ngwa.

"Mwenyekiti," Pimbi akasema polepole, "mbona ulimi wako umekuwa mweupe?"

Fisi akasimamisha taya. "Mweupe vipi?"

"Kama chokaa. Na asubuhi niliona wapishi wa Ngiri wakizungukazunguka hapa. Wewe ulisema utakufa ili sisi tupone. Kumbe ulimaanisha kweli. Tutakukumbuka sana, Mwenyekiti."

Fisi akauangusha upawa. "Dawa hakuna?"

"Dawa ipo, lakini haikufai mtu mkubwa kama wewe. Kwetu mwenye sumu huzikwa mchangani mpaka shingoni, mchanga ukainyonya. Jua likitua anatoka mzima."

"Nizikeni," Fisi akasema. "Nizikeni upesi."

Wakachimba nyuma ya jiko, chaka, chaka, chaka. Wakamzika, kikabaki kichwa.

"Na ile kande?" akauliza.

"Tunaimwaga, Mwenyekiti."

Wakaenda mbele ya jiko wakala. Mpishi, kwa mazoea, akapakua na bakuli la Digidigi. Hakuna aliyeligusa, likapoa palepale.

"Nasikia watu wanatafuna," Fisi akapaza sauti.

"Ni mchanga unanyonya sumu," Pimbi akajibu.

Wakaingia uwanjani wameshiba. Ngiri walikuja kwa vishindo, Pimbi akadaka. Walikuja tena, akapangua. Dakika ya mwisho ikapigwa kona, Kobe, beki wa Majabalini, akainua kichwa, to, shwaa. Moja bila. Majabalini wameshinda. Wenzake wakalaliana kwa furaha, na Pimbi akasimama golini na glavu zake, akitazama winga ya kulia, ambako alikuwa akicheza mtu mwingine.

Jua lilipotua walimfukua Fisi. Waliporudi nyumbani alitangulia mbele, mchanga bado umejaa masikioni, manyoya yamesimama. Watu wakamtazama.

"Mwoneni Mwenyekiti alivyoteseka kwa ajili yetu," wakasema. Wakambeba juujuu. Ngoma zikalia, bwi, bwi, bwi. Ushindi wa kwanza katika miaka tisa, na mabegani mwa watu alikuwa Fisi, akipunga mkono.

Pimbi hakufuata ngoma. Alishika njia ya kando mpaka kwa mama yake Digidigi, jezi namba saba ameikunja mkononi. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alipoiona jezi hakuuliza mwanawe yuko wapi. Aliketi chini taratibu, ungo mapajani.

"Aliumwa?" akauliza baadaye.

"Hapana, mama. Alianguka akikimbia. Alikuwa ameshafunga goli."

Mama akaipokea jezi, akainusa, akailaza juu ya mtama.

"Siku ile," akasema, "mwanangu alikula?"

Pimbi, aliyemzika Fisi mzimamzima kwa maneno matupu, akatafuta maneno na hakuyaona haraka.

"Alikula, mama," akasema. "Kande yenu. Alishiba, akaongeza."

"Basi," mama akasema. "Nilikuwa naogopa alikufa na njaa."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Pimbi akamtoa ungo mapajani, akakaa kando yake, na yeye akalia.

Ngano yangu naiweka hapo chini, mlangoni pa mama huyo. Mwenye mikono aiokote, mwenye haraka airuke apite.

Na funzo lake, watoto, lishikeni vizuri: msiwadanganye wakubwa, na mheshimuni sana anayeonja kabla yenu. Bila Fisi, nani angejua kwamba kande ile ilikuwa salama?