Kopo la Udongo na Kinu cha Miguu Mitatu

Kaeni vizuri, wakubwa kwa watoto. Nitasema polepole, maana ndivyo ninavyoweza. Mwenye jibu alishike mpaka nifike mwisho.

Walikuwapo watu watatu. Zefania, fundi wa pampu, alijua chuma: ukimpa nati moja anakuambia imetoka kwenye mashine gani. Perisi, mshonaji, alijua nguo: anakuona unapita barabarani, anajua bega lako lipi limeshuka. Gidamis, mfugaji, alijua nchi: ng'ombe wake akipotea hafuati nyayo, anatazama vilima tu, kisha anakwenda kumchukua. Hawakufahamiana. Kilichowakutanisha ni picha yangu.

Picha yenyewe ni ya baba mkwe wangu. Amesimama chini ya kinu cha upepo, ile feni kubwa iliyo juu ya mnara wa chuma, inayovuta maji kisimani. Ana spana mkononi, anacheka. Nyuma yake, upande wa kushoto, kuna kilima chenye nundu kama ya fahali. Mwaka uleule alianguka kutoka juu ya kinu hicho akipaka grisi, na wenzake wakamzika palepale. Mmoja wao alileta picha nyumbani, akasema, "Ni mbali," akanywa maji, akaondoka. Mume wangu Naftali alikuwa bado tumboni.

Naftali alikua, akazeeka, akikitafuta kinu hicho. Hakukipata. Mwaka juzi Bwana alimchukua. Siku tatu kabla, alinishika mkono.

"Mke wangu, msinijengee kaburi kwa saruji mpaka udongo wa kaburi la baba uje uwekwe juu yangu. Nilipaswa kumtupia udongo mimi, mtoto wake pekee. Atakayekuonyesha mahali hapo, yeye auweke kwa mkono wake. Mtu mmoja, kama mimi nilivyokuwa mmoja. Atakuwa ameshika nafasi yangu, awe mtoto wa nyumba hii."

Sisi hatukujaliwa mtoto. Niliapa mbele za Mungu kwamba itakuwa hivyo.

Nilianza na ofisi ya maji. Kijana wa pale akasema nilete namba ya kinu. Namba ningeitoa wapi? Nikaenda misheni, wakaniambia mapadri waliojua wameshafariki. Mvua ya kwanza ikashusha udongo wa kaburi la Naftali. Shemeji zangu wakasema nimemwacha ndugu yao alale kwenye tope.

Ndipo nikamwendea Zefania. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, hesabu miguu ya mnara."

"Mitatu."

"Vinu vingi vina minne. Vya mitatu viliwekwa kwenye njia ya ng'ombe wa mnada tu. Marehemu mzee wangu alivihudumia. Vituo ni saba."

Akaniandikia vyote saba kwenye karatasi, na hakutaka hata chai.

Nilikwenda vyote saba. Kwa basi, kwa baiskeli, kwa miguu. Sehemu nyingine kinu kipo, kilima hakuna. Sehemu nyingine kilima kipo, nundu hakina. Katika kituo cha tano hata kinu chenyewe hakikuwapo, kiliuzwa kama chuma chakavu. Palibaki miiba, na mzee Gidamis na ng'ombe zake. Nilimpa picha. Akaishika mbali na macho, akaishika karibu.

"Kilima hiki hakipo huku, mama."

Nilirudi nyumbani. Ndani ya basi nililia, Mungu anisamehe, nikamuuliza kama ananichezea.

Wiki ile nilimpelekea Perisi gauni langu jeusi alipunguze, maana nilikuwa nimekonda. Nilipolitoa mkobani, picha ikaanguka. Akaiokota.

"Huyu baba kavaa shati la mkewe?"

"Perisi, mheshimu marehemu."

"Namheshimu, mama. Lakini tazama. Shati la kiume, upande wa kushoto hulala juu ya upande wa kulia. Hapa wa kulia ndio uko juu. Na mfuko uko kifuani kulia. Mimi nashona mwaka wa thelathini, sijaona mwanamume aliyevaa hivi." Akachukua kioo cha wateja, akakiweka mbele ya picha. "Aliyeisafisha picha hii aliiweka filamu kinyume. Kila kitu kimegeuka."

Ndani ya kioo, kilima kilikuwa kulia, na nundu ilitazama upande mwingine.

Nilianza safari upya nikiwa na kile kioo nimekifunga ndani ya kanga. Vituo vinne vya kwanza, hakuna kitu. Cha tano, nilimwambia Gidamis kwamba natafuta kaburi la baba mkwe wangu; akatazama ndani ya kioo, akacheka kwa sauti.

"Kilima hiki ni chetu! Ninakiona kila nikitoka kukamua."

Akatangulia miibani na panga lake. Akanionyesha visiki vitatu vya zege mahali mnara uliposimama, na pembeni lundo la mawe.

"Hili ni kaburi la fundi. Tangu wadogo tulikatazwa kuchungia juu yake."

"Mzee Gidamis, nilikuja hapa! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza kaburi, mama. Uliniuliza picha. Na kaburi halionyeshwi mgeni ambaye hajasema ni la nani wake."

Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka pale. Nilipiga magoti, nikaomba, nikajaza udongo kwenye kopo la maziwa.

Nilidhani yamekwisha. Nikawaita wote watatu nyumbani, mbele ya mchungaji na shemeji zangu, nikawaeleza wasia wa Naftali.

"Bila mimi," akasema Zefania, "mama angekuwa anazunguka nchi nzima mpaka leo."

"Alifika pale na karatasi yako, akarudi na machozi," akasema Perisi.

"Na kioo chako," akasema Gidamis, "kingeonyesha kilima tu. Nani angemtoa miibani? Mawe yale nimeyalinda miaka yote sijui ni ya nani."

Shemeji yangu mkubwa akaguna. "Nafasi ya Naftali aishike mwanamke?"

"Alisema mtu, shemeji," Perisi akamjibu. "Ulitaka ataje na saizi ya shati?"

Mchungaji akashauri waweke wote watatu. Lakini nilichoapa ni mtu mmoja, na aliyeniapisha hayupo wa kuniachilia. Nikawaomba wawili wampishe mmoja. Hakuna aliyetaka, na siwalaumu. Zefania hana mama, Perisi hana ndugu, na Gidamis anasema aliyelinda baba ndiye mtoto.

Sasa mvua zimerudi. Mfuko wa saruji umeanza kuganda pembeni. Kopo liko juu ya kabati, na kila nikisali naliona.

Jumapili baada ya ibada tutakwenda makaburini, na nitalazimika kunyoosha mkono kwa mmoja. Nimewaeleza yote kama yalivyokuwa, sikumpendelea yeyote. Haya, wewe uliyekaa hapo: ungekuwa mimi, kopo hili ungempa nani?