Mkono wa Kulia wa Gwamaka

Mama mmoja wa Tukuyu alikuwa na watoto wawili, Gwamaka na mdogo wake Sekela, na kwaya ya kanisa lao ilikuwa na gitaa moja tu la besi. Mama huyo ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwaya ikafuata. Uzeeni masikio yake yakaziba. Hata hivyo hakuacha kuimba. Alivua viatu, akasimama kwenye sakafu ya mbao, na mtetemo wa besi ukampanda miguuni ukamwambia wimbo umefika wapi.

Mwalimu wa kwaya aliwafundisha watoto wote wawili. Dole gumba liegemee juu ya nyuzi na litulie. Kazi yake ni kuushikilia mkono. Kidole cha shahada na cha kati vipokezane kama miguu ya mtu anayetembea. Kidole kikishavuta uzi, kitue kwenye uzi wa jirani. Na wasivute kwa nguvu, kwa maana sauti hukuzwa na spika.

Gwamaka alisikia yote, akachukua nusu. Kidole cha shahada kilikuwa chepesi, basi akakitwisha kazi yote. Cha kati kilisuasua, akakikunja kiganjani. Akavuta kwa nguvu ili watu waone kwamba anapiga. Na Sekela, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kupokezana, alipoomba zamu, kaka yake alimjibu mbele ya wote, "We msichana, hili ni besi, siyo mwiko wa ugali." Kwaya ikacheka. Mwalimu akatabasamu tu. Tangu hapo gitaa likawa linafungiwa chumbani kwa Gwamaka.

Ikafika Jumapili ya mavuno, na pambio la shukrani, refu, la kwenda mbio. Wimbo uliposhika kasi, kidole cha Gwamaka kikatoka lengelenge, lengelenge likapasuka. Akakikunjua cha kati kimsaidie. Kikaparaza nyuzi kama mguu uliokufa ganzi. Besi ikakatika.

Mama aliendelea kuimba kidogo, peke yake, kwenye mstari ambao wenzake walikwisha kuupita. Kisha akahisi sakafu imenyamaza. Akaufunga mdomo katikati ya neno, akamtazama mwanawe. Nyuma kanisani mtu akacheka. Waliokaa viti vya mbele wakainamisha vichwa.

Gwamaka akavua mkanda, akamsukumia mdogo wake gitaa. "Shika, dada, nakuomba."

Sekela akasema, "Leo ndiyo mkono wangu umekuwa mkono?"

Akalipokea hata hivyo, kwa ajili ya mama. Vidole vikapokezana, kimoja baada ya kingine, kama walivyofundishwa. Lakini wimbo havikuujua. Hakuna aliyeviruhusu kuujifunza. Akalirudisha gitaa taratibu, akaenda kumshika mama mkono, akamketisha, akamvalisha viatu.

Gwamaka alibaki mbele ya kanisa, ameukodolea macho mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuthubutu kumtazama mama. Kidole kimoja kilitoka damu. Cha pili, hapo hapo ubavuni, kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.

Sasa ninyi mnaotukunja kiganjani sisi akina Sekela, kisha mkashangaa kwamba hatuwezi, nijibuni: kidole kile kilikuwa dhaifu, au kilinyimwa kazi?