Beseni la Mwenyekiti

Wapendwa, hebu nitegeeni sikio, na ninyi wa nyuma wekeni simu chini kidogo. Alikuwepo mama mmoja. Jina lake silitaji, maana nawajua, mtaanza kumtafuta. Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea kulinda bwawa la kijiji chao. Bwawa lile lilikuwa na perege, kambale, vyura wa kila rangi, na wale ndege weupe wenye miguu mirefu. Kisha yakaingia magugu maji. Si mnayajua? Yanaelea, yanatanda, yanafunika bwawa zima, na chini yake samaki wanakufa kwa kukosa hewa.

Basi kila Jumamosi mama anafunga kanga kiunoni, anaingia majini hadi kifuani, anang'oa. Wenzake ishirini nyuma yake. Wanayaburuta nchi kavu, wanayaanika juani mpaka yakauke. Wiki mbili tu, yamerudi! Mwaka mzima ni hivyo hivyo. Ndege wakahama, perege wakawa wa kutafuta kwa tochi.

Jamani, mtu akichoka hivyo hutafuta wa kumlaumu. Kule juu, kando ya kijito kinacholeta maji bwawani, palikuwa na mzee mmoja na bustani yake ya mchicha. Bustani ile ndiyo iliyomlisha. Mwenyekiti akasema, "Ni huyu! Magugu yanashuka kutoka kwake. Jumamosi tunamwondoa." Watu wakapiga makofi.

Ijumaa ikanyesha mvua ya kweli kweli. Mama akatoka mbio uani kuanua nguo. Akasimama kama aliyepigwa ganzi. Pale ukutani palikuwa na beseni lake, na ndani ya beseni, wapendwa, magugu maji! Alichukua shina moja siku ile ya kwanza ya kung'oa, kwa ajili ya ua lake la zambarau. Ua zuri, nani atabisha? Sasa beseni limefurika, na vichipukizi vitatu vinatoka na maji, vinaingia kwenye mfereji, na mfereji unateremka mpaka kijitoni. Mama akaziacha nguo zilowe.

Mumewe akachungulia mlangoni. "Mwaga chooni, mke wangu. Nani atajua?"

"Na yule mzee?"

"Mzee atapata pengine pa kulima. Wewe uso wako utauweka wapi?"

Ngoja niwaulize: ingekuwa wewe, ungefanyaje? Najua, mnafikiria choo.

Kesho yake watu wamejaa bwawani, na mzee ameshaitwa, amesimama peke yake ameshika kofia mkononi. Mwenyekiti akaja na beseni kichwani. Akalitua mbele ya wote. Aliona aibu, tena aibu ya kutamani ardhi ipasuke, lakini sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo: "Mzee wangu, nisamehe. Magugu yanatoka kwangu."

Katibu akakohoa. "Mwenyekiti, na mimi ninalo gugu. Langu liko kwenye ndoo." Mweka hazina naye akainamisha kichwa, lake liko kwenye sufuria mbovu nyuma ya jiko. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka kimya kimya, wakarudi na madebe, makarai, hata chungu cha bibi. Kikundi kizima! Hakuna aliyebaki mikono mitupu isipokuwa yule mzee. Akavitazama vyombo vile vyote, akawatazama wao, akauliza, "Kumbe mlikuwa mnayafuga?"

Mnacheka. Chekeni, lakini mzee yule anatuuliza sisi. Sisi tunaofunga na kukesha tukipinga wivu, halafu tunakawekea kawivu kamoja maji kwa sababu kanachanua vizuri. Sisi tunaomtafuta mkosaji kule juu, na mfereji unatoka uani kwetu! Mungu ametupa nguvu ya kung'oa, hilo sina wasiwasi nalo kabisa. Bwawa lile lilisafishika, na letu litasafishika. Lakini lilianza kusafishika siku mtu mmoja alipobeba beseni lake mchana kweupe.

Mbona mnaniangalia mimi hivyo? Ninalo. Jumapili ijayo nitakuja nalo hapa mbele, nami sitaki kusimama peke yangu.