Mawe Yaliyooshwa

Ndugu zangu, leo sina sauti ya kupandisha. Nimechoka, nanyi naona mmechoka, basi tuongee tu.

Palikuwa na mzee mmoja, mchimbaji mstaafu. Kila wiki alikwenda kwenye migodi iliyofungwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, akichakura vifusi. Akipata jiwe alilikwaruza kwa msumari aone ugumu wake, akalidondoshea siki aone kama litatoa povu, kisha akaandika karatasi: jina la jiwe, mgodi gani, shimo la ngapi, kina gani, tarehe. Jiwe na karatasi yake vikawekwa pamoja kwenye trei la mayai. Miaka thelathini. Nyumba ilijaa matrei hadi chini ya kitanda.

Mwaka mmoja kifua kikamlaza hospitali, vumbi lile lile la mgodini. Akiwa huko, habari ikaja kwamba mwalimu wa chuo atafika kuyaangalia mawe. Yakifaa, yatawekwa kwenye kabati la vioo chuoni, na jina la mzee juu yake. Jamani, mzee hakutaka kingine duniani.

Mkewe naye akasema mgeni hawezi kuoneshwa uchafu. Akayaosha mawe yote kwa sabuni, siku mbili, mgongo unamuuma. Vile vikaratasi vilivyotafunwa na mende, vyote akawashia moto wa chai.

Mzee akarudi nyumbani, na kabla hajapumzika mwalimu akabisha hodi. Mawe yanang'aa. Mwalimu akainua moja jeupe.

"Hili limetoka wapi, mzee?"

Mzee akaligeuza, akaligeuza tena. Mawe meupe ya namna ile aliyaokota katika migodi saba.

"Jina lake nalijua," akasema. "Lilikotoka... palikuwa na karatasi."

"Pole sana, mzee wangu. Jiwe lisilojulikana kwao, chuo hakilipokei. Haliwezi kutufundisha kitu."

Mwalimu akaaga. Mzee akakaa kitako sakafuni, akalia. Mtamlaumu? Mimi simlaumu.

"Mama Kulwa, umenimaliza," akasema. "Umri wangu wote umeuwashia chai. Jiwe bila kwao ni kokoto."

Mke akajifuta mikono kwenye khanga. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Nisamehe, Baba Kulwa. Sikujua. Lakini nikuulize. Mimi nimetoka wapi?"

"Wewe si wa Kwimba?"

"Kwimba ndiko ulikonikuta, kwa shangazi. Kwetu ni wapi? Mama yangu amezikwa wapi?"

Mtoto wao Kulwa alikuwa na miaka arobaini sasa.

"Hukuniuliza hata siku moja," mke akasema. "Karatasi yangu mimi hukuiandika, kwa hiyo mimi sijakuchomea."

Akaenda kumtengea uji, maana mgonjwa alikuwa hajala.

Ndugu zangu, tunamcheka mzee? Sisi tunajua nini? Wewe baba unajua gari la jirani ni la mwaka gani. Je, mwanao ni nini kinachomkosesha usingizi? Wewe mama unajua kitenge kimetoka duka gani. Huyo dada anayekufulia, kwao kuna nani? Bwana amehesabu hata nywele za vichwa vyetu, na sisi tunaishi na watu kama mizigo ya wapita njia.

Msidhani nawasema ninyi tu. Kuna mama anafagia kanisa hili kila Jumamosi, mwaka wa kumi na mbili huu. Ufagio wake najua unakaa nyuma ya mlango gani. Akikohoa nje namtambua. Jana nilitaka kumwombea kwa jina, nikapiga magoti, nikakwama.

Yupo pale nyuma, ameketi karibu na mlango. Mama, ibada ikiisha usiondoke. Ninakuja kukuuliza.