Mkunjo Mmoja Katika Bwawa la Mama Furahini

Hapo zamani, yaani zamani ya mwezi wa tano mwaka huu, maana hadithi ikianza na "juzijuzi" hamtanisikiliza, palikuwa na mjane mmoja hapahapa Njombe. Jina lake Mama Furahini. Alikuwa na nyumba ya wageni, na nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa la kuogelea.

Msicheke. Sisi watu wa huku tukinawa uso asubuhi tunaona tumefanya ushujaa. Bwawa si letu. Ni la wageni wanaopanda kutoka Dar es Salaam kulikimbia joto, wakifika wanaruka majini, wakitoka wanatetemeka na kuagiza chai.

Bwawa hilo halina vigae. Marehemu mumewe alilivika ndani plastiki laini ya buluu, kipande kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, nasi tukaiita bitana, kwa kuwa imekaa ndani ya bwawa kama bitana ndani ya koti. Bitana ile ina kasoro moja: baridi ikiipata huwa ngumu. Ikijikunja wakati wa baridi, mkunjo haunyooki tena. Uchafu hujificha humo, plastiki hupasuka hapohapo, na ikipasuka bwawa limekwisha. Mama Furahini hana bitana nyingine, na mume wa kumwekea hana.

Mume hana, lakini wachumba tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Ngole, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Wa pili ni Chaula, fundi cherehani, mtu wa maneno matamu. Wa tatu ni mimi, Tweve, muuza viazi vya mbegu. Na kwa kuwa msimulizi ni mimi, nitajipendelea. Mkiona nimezidi, kohoeni.

Mwezi huo wa tano binti yake, Furahini, alijifungua kule Mbeya. Mama akatuita sote watatu ukingoni mwa bwawa.

"Kamwene, kaka zangu," akatusalimu. Kaka! Neno hilo mtu aliyeposa halipendi. "Nakwenda kumhudumia mzazi mpaka baridi iishe. Bwawa nawaachieni mlifunge na kulitunza. Nikirudi nataka niikute bitana imenyooka. Makunyanzi yangu mwenyewe yananitosha. Mkilitunza, nitawajibu yale mliyoniuliza."

Akapanda basi. Sisi tukaanza kazi.

Chaula alianza, jua likiwa bado lina nguvu na bitana bado laini. Akakunja suruali, akaingia peku upande wa kina kifupi, akaisukuma mikunjo kwa nyayo, polepole, mpaka ikaishia ukutani. "Nguo hupigwa pasi kabla ya kuwekwa sandukuni," akasema.

Ngole akafuata. Akapima uchachu wa maji, akatia dawa, akayapunguza maji kidogo tu, yakawa chini ya matundu ya ukutani ambayo bomba hurudishia maji bwawani, akaziba matundu. "Yasimwagwe yote," akasema. "Maji ndiyo mzigo unaoilaza bitana. Ukiyaondoa, ardhi itaisukuma juu."

Na mimi? Mimi nilileta kiti, nikasimamia.

Tukakubaliana hivi: Chaula atakuwa anatia dawa kila wiki, Ngole atakagua mabomba, mimi nitapita kutazama. Kutazama nakuweza.

Baridi ikashuka. Asubuhi sakitu imelala juu ya majani, ng'ombe wanatoa moshi puani. Chaula akapata kazi ya kushona sare za shule nzima, akaisahau dawa. Maji yakawa kijani. Vyura wakahamia na jamaa zao.

Nikapita kutazama, nikatazama, nikaona aibu. Mama yangu alinilea hivi: chombo unachokiacha, kimwage, kioshe, kifudikize. Kwetu mwanamke akisafiri akaacha sufuria lina maji, majirani wana mazungumzo mpaka arudi. Sasa nimwache Mama Furahini asemwe kwa sufuria kubwa namna ile? Kulifudikiza bwawa sikuweza. Kulimwaga niliweza. Maneno ya Ngole niliyakumbuka, ila niliyakumbuka kama maneno ya mpinzani.

Nikaleta pampu yangu ya kumwagilia viazi, nikaiwasha, nikakaa kwenye kile kiti changu.

Maji yakashuka mpaka magotini. Ndipo bitana ikaanza kupumua. Ilituna upande wa kina kifupi, ikapanda kama tumbo la mtu aliyeshiba makande, na pembeni yake mikunjo ikajikusanya. Maji ya ardhini yalikuwa chini yake, yanaisukuma.

Nikapiga kelele. Nikavua viatu, na hiyo ndiyo akili pekee niliyoitumia siku ile. Nikajitupa ndani na koti langu, nikalilalia lile tumbo kwa ubavu. Nilipolala huku, likainuka kule. Nikahamia kule, likainuka huku. Jamani, maji yale! Meno yangu yalikuwa yanagongana hata nikashindwa kumtaja Mungu vizuri.

Ngole akafika mbio. Jambo la kwanza alilofanya ni kuizima pampu, maana mimi nilikuwa nimelala bwawani na pampu nimeiacha inaendelea kumwaga. La pili, akafungulia mipira yote maji yarudi. "Usiinuke!" akanipigia kelele. "Mpaka maji yarudi, mzigo ni wewe!" Chaula naye akaja na futi yake shingoni, akaingia peku, akawa anakanyaga na kusukuma mikunjo kunizunguka. Nililala mpaka maji yakanifika kidevuni, wakanitoa nimekakamaa kama kuni.

Ngole akazunguka nyuma ya ukuta wa bwawa, akarudi uso umeshuka.

"Na mimi nina langu," akasema. "Yale maji niliyoyapunguza, nilitumia mpira mfupi. Ule mrefu nilikuwa nimeuacha nyumbani, nikaona uvivu. Niliyamwaga hapa ukutani. Yakabeba udongo, udongo ukaziba mfereji unaoyaondoa maji ya ardhini, na manyunyu yote tangu siku ile yamekuwa yakiingia chini ya bwawa."

Chaula akatazama vyura. "Na mimi nina langu," akasema.

Mimi langu halikuhitaji kusemwa. Tangu siku ile Ngole akauzibua mfereji, na Chaula hakuisahau dawa tena.

Mwezi wa tisa Mama Furahini akarudi. Akatembea ukingo wote, akitazama. Bitana ilikuwa imenyooka, buluu, safi, ila upande wa kina kifupi palikuwa na mkunjo mmoja. Una urefu wa mwanamume aliyelala kwa ubavu. Hata goti linaonekana.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Chaula akasema, "Mama, mimi niliinyoosha kabla ya baridi na nikainyoosha tena ndani ya baridi. Bila nyayo zangu ungekuta mikunjo kama uso wa bibi kizee."

Ngole akasema, "Mimi ndiye niliyesema maji yabaki, na ndiye niliyeyarudisha."

Nami nikasema, maneno marefu kuliko yao wote wawili, kwamba mimi niliipa bitana ile mwili wangu, nikaugua kifua wiki nzima, na mume ni yule anayelala pale penye shida. Nilipofika hapo hata mimi nilijionea haya.

Mama akasema: "Kila mtu amejisemea, na kujisemea hakuna mwisho. Sasa kila mmoja anitajie nani kati ya wenzake wawili anastahili. Kujitaja hakuna. Atakayetajwa na wawili, ndiye nitakayeolewa naye. Mkitajana mmoja mmoja, nitachagua mwenyewe kwa moyo wangu, na asiniulize mtu."

Chaula akamtaja Ngole. "Bila maji yake, nyayo zangu si kitu," akasema.

Ngole akanitaja mimi. Mimi! Mtu niliyepuuza maneno yake mbele ya vyura! "Mimi nilisimama ukingoni nina koti kavu," akasema. "Tweve ndiye aliyeingia."

Nikakohoa. Nikasema kifua bado hakijapona, nitajibu Jumapili baada ya ibada. Jumapili ni kesho.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaoota moto wangu. Nampenda yule mama, na hilo silifanyii mzaha. Nikimtaja Ngole, ametajwa na wawili, nami nitakuwa nimemkabidhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikimtaja Chaula, tumetajwa mmoja mmoja, naye mama atachagua kwa moyo wake. Na leo asubuhi nilipita kutazama. Nilimwona amekunja gauni, amesimama kwenye maji yale ya baridi, anaupapasa ule mkunjo wangu kwa unyayo, anatabasamu. Kama alikuwa ananikumbuka au ananicheka, sijui.

Haki inaniambia Ngole. Tabasamu lile linaniambia Chaula.

Je, kati yetu watatu nani anastahili, na kesho, mbele yake, nimtaje nani?