Mwaka Maua Yalipopukutika Kwemhula

Ua likipukutika, usiulize mti mmoja.

Maneno hayo mmeyasikia leo asubuhi kwa Mzee Hoza, alipomjibu yule kijana aliyekuja kumshtaki mke wake, na nimewaona mkifinyana na kucheka. Mmedhani ni mzaha wa wazee. Hata mimi nilicheka nilipokuwa na umri wenu, mpaka shangazi yangu aliponikalisha akanieleza. Sogeeni basi. Mntambo, punguza hiyo redio. Methali hii haikutungwa na mtu mwenye hekima. Ilitoka kwa watu walioshtuka mpaka wakakosa neno jingine la kusema, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemhula, huko Bonde, chini ya milima, karibu na stesheni ndogo ya reli. Watu wake walilima mihogo na mahindi kidogo, lakini kilichowalisha hasa ni mipapai. Treni ilisimama pale kujaza maji, na wanawake walikimbilia madirishani wakiwa na mapapai kwenye sinia. Walirudi nyumbani na unga, chumvi, mafuta ya taa, hata kanga. Mtu akijenga nyumba Kwemhula alipanda mipapai kabla hajaezeka.

Waliujua sana mti ule. Walijua kwamba majani yake hulainisha nyama ya mbuzi mzee, na kwamba utomvu wake humwasha mtu asiyenawa. Lakini jambo moja walilijua vibaya. Mipapai yao ilikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza hutoa maua makubwa yaliyoshikamana na shina, na papai hukaa palepale ua lilipokuwa. Namna ya pili hutoa vijiua vyembamba vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu. Vinanukia jioni, vinavutia nondo na nyuki, kisha basi, hakuna tunda. Mti wa kwanza waliuita jike na wa pili dume. Waliita hivyo kwa sababu babu zao waliita hivyo, wala hawakujiuliza zaidi. Kwao dume lilikuwa ni mti uliokosea. Walilipigilia msumari shinani ili lijute lizae, na lisipozaa waliliacha limee kandokando ya vichuguu, maana hata kuni zake hazifai.

Ukaja mwaka wa ukame. Visima vilikauka, wanawake wakawa wanateka maji mtoni na kuyapandisha kilimani kwa vichwa vyao ili kunywesha mipapai. Hapo ndipo aliposimama Mzee Semhando. Huyu alikuwa mkulima hodari kuliko wote, na neno lake lilisikilizwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo mlishike, maana watu wabaya peke yao hawana nguvu ya kuharibu kijiji kizima. Aliwaonea huruma wanawake.

"Wake zetu wanavunjika shingo," alisema, "na huku madume yanafyonza maji chini kwa chini bila kutoa hata papai la kumpa mgonjwa. Asiyezaa asinywe. Tuyakate."

Kila mtu aliona ni sawa. Mashoka yalilia mchana kutwa. Shina la mpapai ni laini, linakatika kama tango, na watoto walishangilia kila mti ulipoanguka. Walikata ya mashambani, ya kwenye vichuguu, hata lile dume kongwe lililokuwa nyuma ya msikiti. Na kwa kuwa Kwemhula ilizungukwa na msitu pande zote, hapakuwa na mpapai dume mwingine karibu.

Kwa muda mambo yakawa mazuri. Mapapai yaliyokuwa yameshashika tumba yaliendelea kunenepa na kuiva, treni ikaja, sinia zikajaa, na Semhando akasifiwa. Kisha mvua zikanyesha. Mipapai ilichanua namna ambayo hata vikongwe hawakuwahi kuiona. Wanawake walitazama juu wakaanza kutaja kanga watakazonunua.

Asubuhi moja walienda shambani wakakuta ardhi nyeupe.

Maua yalikuwa yamepukutika yote, yamelala chini kama bisi zilizomwagika. Wakakimbilia shamba la pili, nako hivyohivyo. Miti michache ilikuwa na vitumba vya mapapai, vidogo kama kidole gumba, lakini ukivigusa tu vinakuangukia mkononi, vimeshaanza kuwa vya manjano. Mama mmoja aliketi chini akaanza kuyarudisha maua kwenye shina kwa mikono yake, kana kwamba yatashika. Hakuna aliyemcheka. Wote walielewa kwamba mwaka ule treni ingepita na wao wasingekuwa na cha kuinua dirishani.

Watu walioogopa hutafuta wa kumlaumu, na Kwemhula walimpata haraka.

Mzee Semhando alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Kilua, na Kilua alikuwa na mke, Mwanamkuu, msichana wa kijiji cha Mlondwe, ng'ambo ya msitu. Walikuwa wameishi kwenye ndoa miaka kadhaa bila mtoto. Mwanamkuu alikuwa amekunywa kila mzizi aliopewa, mingine michungu ya kutapisha, na mawifi zake hawakumwachia nafasi ya kupumua.

"Wifi, leo umepika chakula kingi," mmoja alimwambia. "Wa kula wako wapi?"

Tena Mwanamkuu ndiye aliyekuwa hodari wa kubeba maji wakati wa ukame. Hakuna mti katika shamba la mkwewe ambao hakuunywesha. Sasa jambo hilohilo likawa kosa lake. Kwao kulikuwa na itikadi kwamba mwanamke asiyezaa ana mkono mkavu, na kila anachokishika hukauka. Neno lilianzia kisimani, likafika barazani, likaingia kwa Semhando kama ukweli: mkono mkavu umeipitia mipapai. Mzee alituma mjumbe Mlondwe. Mama mtu aje amchukue mwanawe, kabla mihogo nayo haijanyauka.

Siku ya kurudishwa kwao ilipofika, wazee walikaa kwenye mkeka uani kwa Semhando, na wanawake wakajaa ukumbini. Mwanamkuu alisimama mlangoni, furushi lake likiwa miguuni. Kilua alikaa nyuma ya baba yake, ameinamisha kichwa. Mama yake Mwanamkuu, Bi Mwanajaa, alichelewa. Alipoingia alikuwa amekunja upindo wa kanga yake, na kabla hajasalimia vizuri aliufungua, akamwaga maua makavu mkekani.

"Nimeyaokota njiani, mkwe," alisema. "Nimepita mashamba yenu yote. Kuna nini huku?"

"Ndiyo hayo tuliyokuitia," alijibu Semhando. "Mwanao tulimpenda, Mungu shahidi. Lakini hiyo unayoiona ni kazi ya mkono wake."

Bi Mwanajaa alikuwa akitazama juu ya uzio wa nyumba, huku na huku, kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea.

"Madume yako wapi?"

"Madume gani?"

"Ya mipapai. Nimekuja mwendo wote huo sikuona hata moja."

Wanaume walicheka. "Tuliyakata, mama," mmoja alisema. "Yalikuwa yanakunywa bure kama mashemeji."

"Yote?"

"Yote. Hata la msikitini."

Bi Mwanajaa aliketi ghafla, pale pale mchangani, hata mkeka hakuufikia. Alijishika mdomo.

"Yarabi," alisema. "Mmeua waume wa miti yenu."

Kicheko kilikatika. Aliomba kisu, na papai moja la mwisho la zamani, kama lipo. Mke wa Semhando alikuwa ameficha moja kwenye majivu liive. Bi Mwanajaa alilipasua, limejaa mbegu nyeusi zinazong'aa. Kisha alichukua kimoja cha vile vitumba vya manjano, akakipasua mbele yao. Ndani kulikuwa kweupe na kutupu. Hapakuwa na mbegu hata moja.

"Tazameni wenyewe. Unga wa lile ua dogo usipofika kwenye ua kubwa, tumba haliwi. Wadudu ndio wanaoubeba. Sasa wataubeba kutoka wapi?"

"Wewe umejuaje?" aliuliza mzee mmoja kwa ukali.

"Kwa sababu na sisi tulikata," alisema Bi Mwanajaa. "Nilikuwa mtoto. Tulikula mizizi ya porini, nikamzika mdogo wangu. Ndiyo maana Mlondwe, kila palipo na kundi la majike, dume moja haliguswi."

Wengine walitazama viganja vyao. Kila mwanaume pale alikuwa na shoka nyumbani, na kila mmoja alikuwa amelitumia mwenyewe, kwa furaha, watoto wakishangilia. Kikongwe mmoja ukumbini alianza kulia kwa sauti, kama penye msiba. Semhando alikigeuza kile kitumba kitupu mkononi, akakigeuza tena.

"Mkwe," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote, "kwenu maua hayo yapo?"

"Yapo. Yakifungwa kwenye nguo mbichi yanafika yakiwa hai. Mipapai yenu ikichanua tena, tukiyagusisha kwa mkono, ua kwa ua, mtapata mapapai kidogo mwaka huu. Mbegu za kupanda nazo zipo." Alisimama akajikung'uta mchanga. "Lakini sikuja kwa hilo. Nimeitwa kumchukua mwanangu. Siwezi kuiletea mipapai yenu harusi kwa mkono huu, na kwa mkono huu mwingine nimebeba talaka ya mtoto wangu."

Wifi mkubwa alidakia kutoka ukumbini. "Mama, miti ni miti! Mtu ni mtu!"

"Kweli, mwanangu. Basi nimuulize baba yako swali la mtu." Akamgeukia Semhando. "Maua yalipopukutika shambani, uliuliza mti mmoja tu, mkwe, na umeona ulivyopotea. Humu ndani ya nyumba, umemuuliza nani?"

Hapo Kilua akasimama.

"Baba, mimi hujaniuliza," alisema.

"Kaa chini."

"Siwezi kukaa tena. Yale matubwitubwi niliyougua nikiwa kijana, shavu likavimba, kisha uvimbe ukashuka chini. Unakumbuka ulinipeleka misheni? Wewe ulipokwenda kununua dawa, mganga wa zahanati aliniambia kwamba huenda nisipate mtoto maisha yangu yote. Nikaona haya. Nikanyamaza."

Shangazi aliniambia ungesikia kuku akiparura nje ya ua. Mwanamkuu alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayemwona mgeni aliyeingia na nguo za mtu anayemfahamu.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza polepole. "Nilipokuwa nakunywa ile mizizi, ulikuwa unajua? Usiku ule nilipotapika damu, ukanishikia beseni, ulikuwa unajua?"

Kilua akaanza kulia.

Mwanamkuu alikaa juu ya furushi lake, si ndani wala si nje, mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Mzee Semhando aliondoka kwenye mkeka wa wazee, akaja akachuchumaa mbele yake, yeye mkwe mtu na kofia yake mkononi.

"Mwanangu, kwangu hurudishwi. Na kama wewe unataka kwenda, nitakusindikiza kwa heshima, nami nitasema njia nzima kwamba kosa halikuwa lako."

"Nitakwenda," alisema Mwanamkuu. "Nitakwenda na mama kuchukua maua. Watu hawa wana watoto. Mambo yangu na Kilua nitayaamua baadaye."

Alikwenda, akarudi na matawi ya maua yaliyoviringishwa kwenye kanga mbichi. Kijiji kizima kilisimama kutazama. Alianza na mti ulio karibu na stesheni, akachukua kijiua chembamba akakigusisha kwenye ua kubwa, kisha akaenda kwenye lingine. Mawifi waliomwita mkono mkavu walimshikia kapu. Kilua alimbebea ngazi kutoka mti hadi mti, kimya, na mkewe hakumwambia neno ila "sogeza" na "shikilia". Matumba yalishika. Hayakuwa mengi, lakini watoto wa Kwemhula hawakula mizizi ya porini mwaka ule.

Kisha wakapanda mbegu za Mlondwe. Na mche wa mpapai hauna alama. Mpaka utoe ua la kwanza, hakuna ajuaye kama ni dume au jike. Basi watu wale wale waliosema asiyezaa asinywe, wakawa wanaamka alfajiri na kunywesha kila mche, bila kujua upi utawapa tunda na upi utawapa unga wa maua. Nadhani hapo ndipo walipojifunza hasa, kuliko siku ile uani kwa Semhando.

Mwanamkuu alirudi kwa Kilua, lakini si upesi. Alimtaka kwanza ayaseme tena yale maneno mbele ya dada zake wote, mmoja mmoja, akiwatazama machoni. Akayasema.

Naona unataka kuuliza, mwanangu, kama walipata mtoto. Hawakupata. Walizeeka wawili. Lakini hapakutokea tena mtu Kwemhula aliyemsimamisha Mwanamkuu kisimani, wala mwanamke mwingine yeyote, kumuuliza peke yake kwa nini nyumba yake iko kimya. Na mkwe akija kwa hasira kumrudisha mke wa mwanawe, wazee walimwambia neno moja tu, naye alishusha macho akarudi nyumbani kuongea kwanza na mwanawe:

Ua likipukutika, usiulize mti mmoja.